Kutwa Mara Tatu

Maandishi kwenye kifuko cha duka la dawa huwa machache, lakini tunayatii kuliko barua ya serikali ya mtaa. Kuna jina la dawa, mara nyingi limekatwa nusu, kisha 1×3 au 2×2 kwa kalamu ya wino. Muuzaji anasoma kwa sauti ili asieleweke vibaya: "Kimoja, kutwa mara tatu, mama. Baada ya kula. Na umalize dozi." Mama anaitikia, anatia kifuko kwenye mkoba, anashika njia. Hajauliza kwa nini iwe mara tatu na si mara mbili, wala kwa nini kimoja na si kimoja na robo. Muuzaji naye hakuwahi kuuliza. Alifundishwa hivyo.

Tarakimu zile mbili zina historia, na ya pili ndiyo nyepesi kuieleza. Dawa ikishaingia kwenye damu, ini na figo huanza kuiondoa papo hapo. Wataalamu wa famakolojia hupima muda ambao kiasi kilichomo kwenye damu kinashuka hadi nusu. Amoksilini, kwa mtu mwenye figo nzima, hushuka nusu kwa saa moja hivi. Lumefantrini, ambayo ni mwenza wa artemetha kwenye dawa mseto ya malaria, huchukua siku kadhaa. Bakteria nao hawafi kwa sababu dawa imepita mara moja kwa wingi. Amoksilini inawaua kwa kukaa juu ya kiwango fulani kwa saa za kutosha. Kwa hiyo "mara tatu" ni mapatano kati ya figo inayofukuza dawa na mtu asiyeweza kuamka kila baada ya saa mbili kumeza kidonge.

Mapatano huweza kubadilishwa. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipoandika upya matibabu ya nimonia ya watoto, amoksilini ikawa ya kutwa mara mbili kwa siku tano, lakini kila mara kwa kipimo kikubwa zaidi: angalau miligramu 40 kwa kila kilo ya mtoto. Kipimo kikiwa kikubwa, dawa inakaa juu ya kiwango kinachotakiwa kwa muda wa kutosha. Na mama aliye shambani au sokoni saa saba mchana hana dozi ya mchana ya kusahau. Uamuzi huo naupenda, maana ni wa watu waliokumbuka kwamba dawa hunywewa nyumbani kwa watu na si maabara.

Tarakimu ya kwanza, ile ya kiasi, ndiyo iliyowasumbua watafiti kwa miaka mingi zaidi, na sehemu kubwa ya usumbufu huo imetokana na watoto.

Zamani mtoto alihesabiwa kama kipande cha mtu mzima. Vizazi vya wanafunzi wa famasia vilikariri kanuni ya Young: chukua umri wa mtoto, ugawanye kwa umri huohuo ukijumlisha 12. Mtoto wa miaka minne, basi, hupewa robo ya dozi ya mtu mzima. Ipo pia kanuni ya Clark, inayogawanya uzito wa mtoto kwa ratili 150, kana kwamba watu wazima wote wa dunia hii wana uzito mmoja. Kanuni hizi zilikuwa rahisi na zilileta jibu haraka. Hazikutokana na damu ya mtoto yeyote.

Mwaka 1959 madaktari wa hospitali moja ya Los Angeles walichapisha habari ya vichanga njiti waliokuwa wakipewa kloramfenikoli ili wasipate maambukizi. Watoto walivimba tumbo, wakalegea, ngozi ikageuka rangi ya majivu, na wengi walifariki. Dawa ilikuwa halisi na hesabu ya uzito ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba ini la mtoto wa siku tatu linafanya kazi zote za ini la mtu mzima kwa udogo wake. Kimeng'enya kinachoifunga kloramfenikoli ili itoke mwilini kilikuwa bado hakijakomaa, na kila dozi mpya ilirundikana juu ya ile ya jana.

Miaka mitatu baadaye, mjini Oklahoma City, watafiti walimdunga tembo aitwaye Tusko miligramu 297 za LSD, dawa inayovuruga akili. Walitaka kujua kama ingemtia hali ya ukali ambayo tembo dume huipata kwa vipindi. Walianzia kwenye kiasi ambacho paka alikivumilia, wakazidisha kwa uzito. Tusko alianguka ndani ya dakika chache, na hakumaliza saa mbili. Wengine husema dawa walizomchoma baadaye ili kumtuliza zilichangia, na ubishi huo haujaisha. Lakini wanafunzi wa famakolojia bado wanasimuliwa habari zake, kwa kuwa kuzidisha kwa uzito ndilo kosa lililo wazi zaidi. Kilo moja ya tembo haichomi chakula wala dawa kwa kasi ya kilo moja ya paka. Tangu mwaka 1932 Max Kleiber, huko California, alikuwa ameonyesha kwamba kasi ya mwili kutumia nishati haipandi sambamba na uzito. Mnyama akiwa mkubwa mara kumi, kasi yake haifiki mara kumi, ni mara tano na kidogo.

Geuza hesabu hiyo upande wa pili, utafika wodi ya watoto. Mtoto aliyekwishavuka uchanga, kwa kila kilo yake, huondoa dawa nyingi kwa kasi kuliko baba yake. Ukimpa miligramu zilezile kwa kilo, unampunja. Ndiyo kusema binadamu mmoja hupita kwenye hatari mbili zinazopingana: akiwa na siku tatu dozi ya uzito inaweza kumzidi, na akiwa na miaka mitatu dozi hiyohiyo inaweza isimtoshe.

Mfano ninaoujua kuwa bora kuliko yote wa jambo hili umetoka Muheza, mkoani Tanga.

Wilaya hiyo ina uhusiano wa zamani na dawa za malaria. Juu yake, kwenye milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walifungua kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902, wakapanda miti ya mkwinini, na katika Vita Kuu ya Kwanza, meli za Ulaya zilipozuiwa, kituo hicho kiliwatengenezea askari wao kwinini. Karibu karne moja baadaye kwinini ilikuwa bado ndiyo dawa ya mtoto mwenye malaria kali katika hospitali zetu. Wauguzi wa umri fulani wanaikumbuka vizuri: dripu ya saa nne, kila baada ya saa nane, mtoto analia masikio yanavuma, na sukari ya damu inayoweza kushuka ghafla wakati kila mtu anadhani bado ni degedege ya malaria.

Artesuneti ilikuwa imekwishaishinda kwinini barani Asia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, wa wagonjwa 1,461, wengi wao watu wazima, ulionyesha vifo vya asilimia 15 kwa waliopewa artesuneti na asilimia 22 kwa waliopewa kwinini. Je, hilo lilitosha kubadili dawa ya mtoto wa Kiafrika? Watafiti walisema hapana, na walikuwa na haki. Wakaanzisha utafiti mwingine uitwao AQUAMAT, katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Watoto 5,425 waliandikishwa kati ya 2005 na 2010, Muheza na Korogwe zikiwa miongoni mwa vituo, pamoja na Kilifi, Mbarara na Kinshasa. Kati ya waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, kati ya waliopewa artesuneti, asilimia 8.5. Kwa hesabu ya kawaida, kila watoto 41 wakihamishwa kutoka kwinini kwenda artesuneti, mmoja ambaye angekufa anarudi nyumbani. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani liliipendekeza artesuneti kwa watoto.

Magazeti yaliishia hapo. Utafiti wa famakolojia ndipo ulipoanzia.

Kipimo kilichotumika kwa watoto kilikuwa kilekile cha watu wazima wa Asia: miligramu 2.4 kwa kila kilo. Katika Hospitali Teule ya Muheza, watoto 70 wenye malaria kali walitolewa damu kidogo kwa nyakati mbalimbali baada ya sindano ya msuli. Mtoto aliyepoteza fahamu huwezi kumtoboa kila dakika kumi. Unachukua sampuli chache kwa huyu, chache kwa yule kwa saa nyingine, kisha hesabu za kompyuta zinaunganisha watoto wote na kuchora safari ya dawa kana kwamba umemfuata mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Damu yenyewe haisubiri, kwa kuwa artesuneti hugeuka kuwa dihidroartemisinini ndani ya dakika chache, na hiyo nayo hushuka nusu kwa saa moja hivi. Sampuli ikichelewa kupozwa, dawa unayoitafuta inaharibika ndani ya kichupa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Kadiri mtoto alivyokuwa na uzito mdogo ndivyo dawa iliyokutana na vimelea mwilini mwake ilivyokuwa pungufu, ingawa kila mmoja alikuwa amepewa kipimo kamili cha kitabu. Wadogo, ambao ndio hufa zaidi kwa malaria, walikuwa wakipata kidogo zaidi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo: mtoto aliye chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kila kilo.

Tuangalie mabadiliko hayo mkononi mwa muuguzi. Mtoto ana kilo 12. Kichupa cha artesuneti kina unga wa miligramu 60. Unayeyushwa kwanza kwa mililita moja ya bikaboneti ya sodiamu, kisha kwa sindano ya mshipa unaongezewa mililita tano za maji ya chumvi, na unakuwa na miligramu 10 katika kila mililita. Kipimo cha zamani kilikuwa miligramu 28.8, yaani mililita 2.9 kwenye bomba la sindano. Kipimo kipya ni miligramu 36, mililita 3.6. Tofauti haijai kijiko. Kuipata kulihitaji hospitali ya wilaya, mizani iliyo sahihi, jokofu lisilozimika, na akina mama waliokubali kutia sahihi au dole gumba usiku, mtoto akiwa hana fahamu.

Si wataalamu wote waliokubaliana, na ni vyema msomaji ajue. Marekani ilipoidhinisha artesuneti ya sindano mwaka 2020, ilibaki na 2.4 kwa kila umri. Hoja yao si ya kijinga: vifo vilishuka kwa kipimo cha 2.4, na hakuna utafiti mkubwa uliopambanisha vipimo viwili na kuhesabu wafu. Mimi nasimama na Muheza. Dawa hii ina usalama wa kutosha kuvumilia ongezeko hilo, na kusubiri hesabu ya wafu ili kuthibitisha kile ambacho damu imekwishasema ni anasa ya nchi isiyo na malaria.

Tena si mara ya kwanza watoto kupunjwa hivi. SP (salfadoksini na pirimethamini), ambayo Tanzania Bara iliitumia kama dawa ya kwanza ya malaria kuanzia 2001, ilikuwa imetolewa kwa watoto wa Afrika kwa miaka mingi. Mwaka 2006 Karen Barnes wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walionyesha kwamba watoto wa miaka miwili hadi mitano, kwa dozi iliyopendekezwa, walipata kwenye damu karibu nusu ya kile walichopata watu wazima. Mwishoni mwa mwaka huohuo dawa mseto ilianza kuchukua nafasi ya SP nchini. Jibu la dozi lilifika dawa ikiwa mlangoni inatoka. Kipimo pungufu, mbali na kumwacha mtoto mgonjwa, huwaacha hai vimelea vilivyoionja dawa bila kuuawa nayo, na usugu hustawi hapo.

Nani alaumiwe? Sehemu kubwa, mfumo wa majaribio ya dawa wenyewe. Kampuni hujaribu kwa watu wazima kwanza kwa sababu za kimaadili zinazoeleweka, kisha mtoto husubiri. Desemba 2007 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya kutaka dawa zitengenezwe kwa kipimo cha watoto, na mwaka huohuo likatoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu za watoto. Kabla ya hapo mama alivunja kidonge cha mtu mzima kwa kisu, akakisaga, akakikoroga na uji. Mwaka 2008 Salim Abdulla wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake walichapisha jaribio la watoto 899 katika nchi tano, Kenya na Tanzania zikiwemo, la dawa mseto inayoyeyuka kwenye maji na yenye ladha tamu. Ilifanya kazi sawa na kidonge kilichosagwa, na mtoto hakuitema kwa uchungu. Ila kwa walio chini ya kilo tano hapakuwa na kidonge chao. Julai 2025 ndipo Uswisi ilipoidhinisha mseto wa vichanga, wenye uwiano mwingine kabisa wa dawa zake mbili, kwa kuwa miili hiyo midogo huzitendea tofauti. Tanzania, Kenya, Uganda na Burundi zilishiriki katika tathmini yake.

Watu wazima nao wasijione wamesalimika. Kwa miaka mingi efavirenzi, dawa ya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI iliyokuwemo kwenye kidonge cha TLE, ilitolewa kwa miligramu 600 kwa kila mtu. Kimeng'enya kinachoiondoa hutegemea jeni ambalo Waafrika wengi wamelirithi katika umbo linalofanya kazi taratibu. Ndiyo maana wagonjwa walilalamika ndoto za ajabu na kizunguzungu huku wakiambiwa watazoea. Utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Ethiopia na wa Tanzania ulikuta Watanzania wana dawa nyingi zaidi kwenye damu kwa kidonge kilekile. Mwaka 2014 jaribio la kimataifa lilithibitisha kwamba miligramu 400 zilitosha. Kisha ikaja TLD, yenye dolutegraviri badala ya efavirenzi, na mjadala ukafifia.

Sasa turudi kwa muuzaji, maana elimu yote hii haina faida isipomfikia. Shahada ya famasia ilianza Dar es Salaam mwaka 1974, na Nairobi mwaka huohuo, lakini mwananchi wa kijijini hakutani na mfamasia mwenye shahada. Anakutana na mtoa dawa wa duka la dawa muhimu. Maduka hayo yalianza mkoani Ruvuma mwaka 2003, kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, ambayo kisheria hayakuruhusiwa kuuza antibaotiki na ambayo kila mtu alijua yanauza. Badala ya kuendelea kuyakimbiza, serikali iliamua kuwafundisha wauzaji kwa wiki kadhaa, kuwasajili, na kuwaruhusu orodha maalumu ya dawa. Uganda na Liberia ziliiga. Kwa maoni yangu ni miongoni mwa mageuzi yenye busara zaidi katika afya ya nchi hii, na yanayosifiwa kidogo mno.

Watafiti hupima mafunzo hayo kwa njia ya mteja wa siri. Mtu huingia dukani na kusema mtoto ana homa tangu juzi. Anasikiliza anachoulizwa, ananunua anachopewa, anatoka, na akishakata kona anajaza fomu. Kinachojitokeza tena na tena, hapa na kwingineko, ni kwamba muuzaji huuliza maswali machache kuliko aliyofundishwa. Si kwamba hayajui. Mpe karatasi ya mtihani atayaandika. Kenneth Leonard na Melkiory Masatu waliona jambo hilohilo kwa matabibu wa mkoa wa Arusha: mtafiti alipoketi pembeni, huduma iliboreka ghafla, na baada ya wagonjwa kumi au kumi na watano hivi ikarudi ilikokuwa.

Hapo ndipo ninapoilaumu elimu ya famasia kwa sehemu yake. Kwa muda mrefu imetahini kumbukumbu. Chuo Kikuu cha Muhimbili, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha California cha San Francisco, kiliandika upya mitaala yake, na ile mipya iliyoanza mwaka 2011 ilijengwa juu ya kile mwanafunzi anachoweza kufanya. Ni hatua nzuri kwa wenye shahada. Mtoa dawa wa kijijini naye anastahili mtihani wa namna hiyo, ambamo anasimama mbele ya mama mwenye haraka na shilingi elfu mbili mkononi, na anapata alama kwa kuuliza swali moja kabla ya kushika kalamu: ana kilo ngapi?

Duka la dawa lisilo na mizani halina namna ya kulijibu swali hilo. Mizani ya mtoto si kifaa cha gharama kubwa ukilinganisha na kabati la vioo na rangi ya ukutani ambavyo mkaguzi hudai kabla ya kutoa kibali. Iwekwe kwenye orodha ya masharti.

Wewe mzazi usingoje sharti hilo. Uzito wa mwanao umeandikwa kwenye kadi ya kliniki, na kama kadi imelala kabatini tangu mwaka juzi, kilo zilizoandikwa humo si zake tena. Mpime upya, ukariri namba hiyo kama unavyokariri namba yako ya simu, na ukifika dukani itaje mapema, kabla 1×3 haijaandikwa.